Mtamba wa Shigela

Timu ya Jembe ya Uyole ilikuwa imefungwa mechi tisa mfululizo. Ijumaa moja ya Julai 1977, kabla jua halijatoka, wachezaji wake kumi na watatu walisimama kando ya barabara kuu, mikono kwapani kwa baridi, wakingoja lori la kuwapeleka Iringa wakafungwe ya kumi. Ndivyo walivyokuwa wakisema wenyewe, na hakuna aliyecheka. Wengine wanne hawakuja. Mmoja alituma salamu kwamba ana homa, mwingine anavuna viazi, na wawili hawakutuma neno.

Shigela Budeba, kipa, alifika wa mwisho. Alikuwa anatoka kukamua. Kazi yake ilikuwa kwenye ng'ombe wa maziwa hapo hapo Uyole, na kila siku ya Mungu aliamka saa kumi alfajiri, akakamua, akaosha ndoo, akafagia zizi, kisha jioni akaenda mazoezini akiwa tayari amemaliza nguvu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Viganja vyake vilikuwa vipana na vidole vimepasuka kwa maji ya baridi. Mfuko wake ulikuwa na jezi, viatu, na viazi vitamu alivyochemshiwa na mkewe Mbuke.

"Umekuja," alisema Asukile.

"Si nilikwambia nakuja?"

"Hata wale wanne waliniambia."

Asukile alikuwa seremala, na ndiye nahodha. Tangu mwalimu wao alipoacha timu baada ya kipigo cha sita, ndiye pia aliyekuwa mwalimu. Alihesabu watu wake mara mbili, kana kwamba hesabu ingeweza kuongezeka, kisha lori likaja.

Lilikuwa limebeba magunia matupu. Wachezaji walipanda, wakajifunika magunia hayo hadi shingoni. Philbert Kalinga, beki wa kati, alikaa mbele kabisa, mgongo umeegemea kabini ya dereva. Shigela alipomwona kule mbele, akakaa nyuma, kwenye bati la mkiani, ambako kila shimo la barabara liliingia moja kwa moja kiunoni. Ilikuwa miezi miwili hawa wawili hawasemeshani.

Chanzo chake kilikuwa mechi ya tatu. Jembe walifungwa mabao matano kwa bila nyumbani kwao, na timu ya kutoka Tukuyu. Mawili kati ya hayo Shigela mwenyewe alijua ni ya kipa. Alikuwa amekesha na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na miguu ilimgomea. Kama mambo yangeishia hapo, watu wangemtukana juma moja wakachoka. Lakini siku nne baadaye mtamba mwekundu mwenye baka jeupe tumboni alionekana amefungwa nyuma ya nyumba yake. Kipa amefungwa matano, na kipa amepata ng'ombe. Watu wa Uyole waliyaweka mawili hayo pamoja.

Aliyeyasema kwa sauti alikuwa Philbert. Alikuwa fundi wa magari kule Iyunga, mtu wa hasira za karibu, na siku ya gulio alisimama sokoni mbele ya washabiki waliokuwa wakimhoji, akasema, "Mnaniuliza mimi tulifungwaje? Muulizeni mtamba wa Shigela."

Basi. Tangu siku hiyo watu walisimama nyuma ya goli lake wakilia kama ng'ombe.

Shigela hakujibu. Alizaliwa Kwimba, akaja Usangu akiwa mdogo, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na Kiswahili alijifunza ukubwani. Kwa maongezi ya kawaida kilimtosha. Lakini alipokasirika kilimkimbia chote, kikabaki Kisukuma tu, na Kisukuma pale sokoni kingemsaidia nini? Mara ya kwanza alinyamaza kwa sababu hiyo. Baadaye alinyamaza kwa kuchoka. Mbuke alimwambia, "Nenda kwa Asukile ueleze," naye akasema ataenda, na kila siku akafika nyumbani, akavua buti, akalala.

Lori lilipita Igurusi, likapita Chimala. Upande wa kushoto nyanda za Usangu zilitandaza manjano yake hadi macho yanapokomea. Huko ndiko alikokuwa kaka yake Kashindye na boma lao. Shigela aliangalia upande huo mpaka barabara ilipoanza kupanda. Makambako walisimama, injini ipoe. Upepo wa pale ulikuwa unakata masikio. Yotamu, dereva, alifungua boneti akasimama mbele yake ili ajipatie joto.

"Mnacheza na nani?" aliuliza.

"Umoja ya Kihesa," alijibu Asukile.

"Hao si wa pili kwenye msimamo?"

"Wa pili."

Yotamu aliwatazama mmoja mmoja walivyokaa na magunia yao, akafunga boneti.

Waliingia Iringa saa kumi jioni, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wameahidiwa ukumbi wa klabu ya wenyeji walale. Katibu wa Umoja alikuja na funguo mkononi, akaomba radhi: ukumbi umechukuliwa na harusi, mapambo yameshawekwa, yeye mwenyewe ameambiwa mchana ule ule. Alionekana kusema kweli. Asukile hakuwa na nguvu ya kugomba. Alikaa chini kwenye ngazi za ukumbi, na wengine wakakaa, kila mtu pale alipokuwa.

 Kisha Philbert, ambaye tangu waanze kupanda mlima wa kuingia mjini alikuwa hajafungua kinywa, alisema, "Mama yangu anakaa hapa hapa Kihesa."

"Atatuweza watu kumi na watatu?" aliuliza Asukile.

"Hatatuweza. Lakini twendeni."

Bibi Benedicta Kalinga alikuwa mjane mwembamba, mrefu kama mwanawe, na rozari shingoni. Alikuwa hajamwona Philbert mwaka wa pili sasa. Alimkuta mlangoni, akaona na kundi lililomfuata nyuma, akaweka mkono kinywani.

"Kamwene, mwanangu. Hawa wote ni wako?"

"Ni timu, mama."

"Wana njaa?"

"Wana njaa, mama."

Hakuuliza jingine. Aliita majirani wawili, sufuria zikaazimwa, na kabla giza halijatanda walikuwa wanakula ugali na maharage, wamekaa kwenye sakafu ya sebule migongo ukutani. Bibi Benedicta aliwaomba radhi kwa jambo moja tu. "Chai mtakunywa ya rangi. Nina ng'ombe, lakini juzi kiwele kimevimba, ukimgusa anapiga teke. Hata ndama wake anamfukuza."

Shigela aliinua macho kutoka kwenye sahani yake, akayarudisha. Wakalala walivyokaa, mmoja juu ya mguu wa mwenzake.

Saa kumi alfajiri Shigela aliamka, kwa kuwa mwili wake haukujua kwamba uko Iringa. Alikaa gizani akisikiliza wenzake wanavyokoroma. Kisha akasikia ng'ombe nyuma ya nyumba, akilia ule mlio mfupi wa maumivu anaoujua. Akatoka nje, akamkuta Bibi Benedicta na taa ya chemni mkononi, shuka begani, akimwangalia ng'ombe wake kutoka mbali.

"Shikamoo, mama. Niache nimtazame," alisema Shigela. "Ndiyo kazi yangu."

Hakumwendea mara moja. Alisimama ubavuni mwa ng'ombe, akamkwaruza shingoni, akamsemesha Kisukuma kwa sauti ya chini hadi mnyama akaacha kutikisa kichwa. Ndipo akachuchumaa, akapitisha mkono. Titi moja la nyuma lilikuwa gumu kama jiwe, na la moto.

"Nahitaji maji ya vuguvugu, mama. Na kitambaa."

Maji yaliletwa na Philbert. Alikuwa ameamshwa na mama yake aingie jikoni awashe moto, na sasa alikuja na ndoo, akaiweka chini karibu na mlango wa banda, akasimama pale. Shigela hakugeuka. Alikanda kiwele kwa kitambaa cha moto, akakanda tena, kisha akaanza kukamua lile titi taratibu. Ng'ombe aliinua mguu mara mbili, hakupiga. Yalitoka mabonge ya njano, yakafuata maji maji yenye damu. Aliyamwaga mbali, akarudia kukanda.

"Hii inataka kukamuliwa mara nyingi, mama, kila baada ya saa mbili, tatu. Hata akikataa. Uchafu usikae ndani. Na Jumatatu umwite bwana mifugo amchome sindano. Ndama anyonye haya mengine matatu."

"Mungu akubariki, baba. Na wewe unafuga kwako?"

Vidole vya Shigela vilisimama kidogo, vikaendelea.

"Ninaye mmoja. Mtamba."

"Ulimnunua huko huko Mbeya?"

"Hapana, mama. Alitoka Usangu. Mdogo wangu Ng'washi aliolewa mwaka huu, ng'ombe wa mahari wakaja, kaka yangu Kashindye akagawa. Akasema huyu ni wa Shigela, ana watoto wadogo, wapate maziwa baadaye." Alikamua mara chache. "Kaka alimswaga mwenyewe kwa miguu, siku tano. Alifika viatu vimekwisha."

"Huyo ni kaka," alisema Bibi Benedicta.

Philbert alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Mama yake alipoingia ndani kutafuta kitambaa kingine, wakabaki wawili na ng'ombe katikati yao.

"Mbona hukusema?" aliuliza Philbert.

Shigela alifuta mikono kwenye suruali. Kwa mara ya kwanza maneno hayakumkimbia, labda kwa sababu alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Hukuniuliza. Uliwaambia watu."

Philbert aliinama. Aliinua ile ndoo, akaona ina maji bado, akaiweka tena palepale. Kisha akaondoka. Kutwa nzima hakumsogelea Shigela, wala Shigela hakumtafuta. Kila baada ya saa mbili alikwenda bandani kukamua lile titi, akarudi akalala mkekani.

Mechi ilianza saa kumi jioni. Uwanja wa Kihesa ulikuwa umepauka, majani yake makavu yakikwaruza kama brashi, na upepo ulivuma kutoka goli moja kwenda jingine bila kupumzika. Jembe walipoteza kura ya shilingi, wakapewa kuelekea upepo. Asukile alipokea habari hiyo kama mtu anayepokea barua ambayo anajua imeandikwa nini.

Kwa dakika kumi na tano mpira ulikaa nusu ya Jembe. Kila Shigela alipoupiga mbele ulipaa juu, ukasimama, ukarudi. Dakika ya kumi na nane winga wa Umoja alitia krosi. Shigela aliuona vizuri, akatoka, akanyoosha mikono. Upepo ukausukuma hatua moja tu. Ukamgonga kwenye ncha za vidole, ukaanguka mbele ya miguu ya senta fowadi wao, kijana mrefu ambaye hakuhitaji hata kuangalia goli. Akasukuma, ukaingia.

Uwanja ulilipuka. Liberatus, winga wa Jembe, alikaa chini hapo hapo alipokuwa. Wengine walianza kutembea kuelekea katikati, vichwa chini, mwendo ule ule waliouzoea, wala hakuna aliyemtazama mwenzake. Shigela alibaki amepiga magoti. Alijua kinachokuja. Alisikia viatu vikikanyaga kuja kwake, akajua kwa uzito wake kwamba ni Philbert.

Philbert alimpita, akaingia ndani ya goli, akautoa mpira nyavuni. Kisha badala ya kuupiga katikati, akaja akauweka mikononi mwa Shigela.

"Upepo?" aliuliza.

"Nilitoka mapema. Kosa langu."

"Basi ngoja kidogo unapotoka. Yule mrefu niachie mimi." Alisita, akiangalia chini. "Nami nilikuwa mbali naye. Simama."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza uwanjani kwa miezi miwili. Shigela alisimama, akampigia refa mpira, mechi ikaendelea.

Hawakuanza kucheza vizuri ghafla. Walikuwa bado timu iliyofungwa mechi tisa, miguu mizito, pasi fupi mno au ndefu mno. Ila nyuma pale sasa kulikuwa na sauti. Philbert alikuwa anaita, "Yangu!" na Shigela anaita, "Acha!" na mabeki wa pembeni, ambao kwa miezi miwili walikuwa wakicheza kati ya mabubu wawili, wakaanza kujua wasimame wapi. Umoja walipiga, mpira ukagonga mwamba. Wakapiga tena, Shigela akadaka. Zikiwa zimebaki dakika tatu kwenda mapumziko, Asukile aliangushwa hatua thelathini kutoka goli. Alipiga mwenyewe ile adhabu, chini, bila matumaini yoyote. Mpira ukamgonga mtu wa ukutani kwenye kifundo, ukabadili njia, ukaingia polepole upande ambao kipa wa Umoja alikuwa ameuacha. Sasa ilikuwa bao moja kwa moja.

Mapumzikoni walilala chali kwenye majani. Asukile alisimama katikati yao.

"Sina la kusema," alisema. "Yote niliyonayo mmeshayasikia tangu mechi ya kwanza. Kunyweni maji."

Kipindi cha pili upepo ulikuwa nyuma yao. Hapo ndipo mechi ilipogeuka, kama mtu anataka sababu. Kila Shigela alipopiga, mpira ulikwenda hadi karibu na goli la wenzao, ukadunda juu ya vichwa, mabeki wa Umoja wakawa wanakimbia kurudi kila mara. Dakika ya sabini na moja mmoja wao aliutoa nje kwa kichwa, ikawa kona. Liberatus akaipiga. Kukawa na msukumano, mtu akaanguka, mwingine akapiga hewa, na mpira ukatoka kwenye lile fungu la miguu ukamgonga Bartolomeo kwenye goti.

Bartolomeo alikuwa beki wa kulia. Katika miaka sita hakuwahi kufunga bao, na kule mbele alikuwa amekwenda kwa sababu Asukile alimfokea aende. Aliutazama mpira ukiingia wavuni, kisha akageuka haraka kumtazama mshika kibendera, akingoja ainue. Kibendera hakikuinuliwa. Refa akaelekeza mkono katikati.

"Ni halali?" Bartolomeo alimuuliza refa.

"Unataka nilikatae?" alijibu refa.

Zilibaki dakika kumi na tisa, nazo zilikuwa ndefu kuliko msimu mzima. Jembe waliacha kushambulia. Waliacha hata kujifanya wanashambulia. Walirudi wote, wakasimama mbele ya Shigela kama ukuta wa matofali mabichi, na kila mpira walioupata waliutupa mbali kadiri miguu ilivyoruhusu. Nyuma ya goli watu wa Kihesa walikuwa wakimpigia kelele Philbert kwa Kihehe, wakimwita mwana wa Benedicta aliyekuja kuwaibia kwao. Macho ya Philbert yalikuwa kwa senta fowadi. Kijana yule mrefu alikwenda kushoto, naye akaenda kushoto. Akaenda kulia, akamfuata. Mguu ulimkaza msuli dakika ya themanini na tano. Akaukunja, akaunyoosha, akaendelea akichechemea.

Katika dakika ya mwisho yule mrefu alimponyoka. Alipiga kwa nguvu akiwa hatua sita tu. Shigela hakuruka, hakukuwa na nafasi ya kuruka. Alisimama tu, na mpira ukampata usoni. Akaona weupe. Ukarudi, ukadunda mbele yake, akauangukia na mwili mzima, magoti na viatu vikimjia juu yake. Damu ilikuwa inamtoka puani, ikiingia kinywani. Akasikia kitu kizito kinasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, kikisukuma watu mbali kwa mgongo.

"Kaa nao," sauti ya Philbert ilisema. "Usiinuke. Kaa nao hapo hapo."

Akakaa nao. Refa akatazama saa, akapuliza.

Hakuna aliyerukaruka. Wachezaji wa Jembe walikaa chini, mmoja baada ya mwingine, popote pale filimbi ilipowakuta. Asukile alijifunika uso kwa jezi na mabega yake yakawa yanatikisika. Ikawa vigumu kujua kama analia au anahema. Shigela alilala kifudifudi na mpira chini ya tumbo lake mpaka refa alipokuja kuuomba. Mshika kibendera mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, alipita karibu akaingiwa na wasiwasi.

"Jamani, mnaumwa?"

"Hatuumwi, mzee," alisema Bartolomeo. "Tumeshinda."

Walirudi kwa Bibi Benedicta kwa miguu, Philbert akiwa ameegemea bega la Liberatus. Mama huyo hakuwa na habari na mpira. Alimwona Shigela na pua iliyovimba, akamkalisha kwenye kigoda akamfuta damu kwa maji ya chumvi. "Mmefungwa mangapi?" aliuliza kwa huruma. Walipomwambia wameshinda, alisema, "Haya, basi mle kwanza," akapakua. Kabla ya kulala Shigela alikwenda bandani tena. Titi lilikuwa limelegea kidogo. Kesho yake alfajiri alimwonyesha Bibi Benedicta namna ya kukamua bila kumuumiza, akamshikisha mkono hadi alipoweza mwenyewe.

Jumapili walipanda lori lile lile. Safari hii lilikuwa limejaa magunia ya mahindi, wakakaa juu yake. Philbert alihitaji nafasi ya kunyoosha mguu, na nafasi ilikuwa nyuma tu. Akaja akakaa karibu na Shigela. Lori likapita Ifunda, likafika Mafinga. Halafu Philbert, akiangalia miti ya misonobari inavyopita, alisema:

"Nitakwenda kusema. Pale pale niliposemea."

"Watu wamesahau," alisema Shigela.

"Hawajasahau."

"Ndiyo. Hawajasahau." Shigela alivuta gunia tupu, akamrushia nusu yake. "Fanya unavyoona. Mimi nataka kulala."

Na akalala kweli, kichwa kikigonga mahindi, hadi Makambako. Pale walikunywa chai kwenye kibanda chenye redio. Mtangazaji alisoma matokeo ya ligi ya daraja la kwanza, timu moja baada ya nyingine, kisha ukaanza muziki. Daraja lao halikutajwa, kama ambavyo halikutajwa walipofungwa. Huko Uyole hakuna aliyekuwa anajua, na walipoteremka barabarani saa tisa alasiri hakuna aliyekuwa akiwangoja isipokuwa mama mmoja muuza ndizi, ambaye aliwaonea huruma akawapa mkungu mdogo ulioiva sana.

Mbuke alikuwa anapepeta maharage uani. Alimwona mumewe anakuja na uso umevimba, akaweka ungo chini.

"Wamekupiga?"

"Mpira. Tumeshinda, mawili kwa moja."

"Nani ameshinda?"

"Sisi."

Mbuke alimkalisha kitini. Kisha akaenda kuweka maji motoni, akaleta beseni, akamvua viatu mwenyewe na kumtumbukiza miguu. "Niambie basi," alisema. "Kuanzia mwanzo." Shigela alianza na upepo. Alisimulia bao la kwanza, lile lake la aibu, akafika kwenye mpira uliotolewa nyavuni na kuwekwa mikononi mwake, na hapo sauti yake ikapungua, kidevu kikashuka kifuani. Maji yalipopoa Mbuke alimtoa miguu, akaikausha, akamwacha alale vilevile kwenye kiti.

Jumatano timu ilikutana kwenye karakana ya Asukile, na washabiki waliobaki wakaja, watu ishirini hivi, wakakaa juu ya mbao. Shigela hakuwepo. Siku hiyo ng'ombe wawili walikuwa wanazaa kazini, na hakupata wa kumshikia zamu. Kwa hiyo mambo ya pale aliyapata kwa Asukile, aliyempitia jioni getini akiwa bado ana vumbi la mbao kwenye nywele.

"Philbert amesimama," alisema Asukile. "Amesema yale ya mtamba aliyasema bila kujua, na wala hakuuliza. Amesema yule ni ng'ombe wa mahari ya dada yako. Halafu Jumapili siku ya gulio atasema tena sokoni."

"Watu wamesemaje?"

"Wengine wamekubali. Yohane muuza nyama amesema lazima mmepatana tu kwa sababu mmeshinda. Wapo ambao hawatakubali, Shigela. Sitakudanganya."

Shigela alitikisa kichwa polepole. Mikono yake ilikuwa bado na damu ya uzazi hadi kwenye viwiko, naye aliishika mbali na mwili ili asijipake. Ndani ya zizi ng'ombe wa pili alikuwa ameanza kulia.

"Zimebaki mechi mbili," alisema Asukile. "Hata tukishinda zote tunashuka. Nimepiga hesabu."

"Najua."

"Nilidhani labda ungetaka kupumzika. Uso wako huo."

Shigela alifikiri. Ng'ombe alilia tena, naye akageuka nusu, mguu mmoja tayari umeelekea ndani.

"Mazoezi ni lini?" aliuliza.

"Kesho. Saa kumi."

"Nitachelewa kidogo," alisema Shigela, akaingia zizini.